Tuulize kwanza Wamarekani waliulizwa swali gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe ya moyoni. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Kwa sasa naishi Nashville, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza, hospitalini, shuleni na zaidi kwenye simu. Gazeti lako nalisoma mtandaoni kabla ya kuingia zamu, na huwa naanzia kwenye barua kabla ya habari kubwa, maana huko ndiko watu wanakosema wanachokifikiri.

Hivi karibuni nimesoma barua mbili zinazovutana. Msomaji wa Mwanza aliipongeza Marekani kwa kukifanya Kiingereza lugha rasmi. Alisema wenzetu wanajua kulinda chao, na kwamba wananchi wenyewe ndio waliotaka. Msomaji wa Tanga akamjibu kuwa huo ni ubaguzi mtupu, na hao wananchi wanaotaka ni wabaguzi vilevile. Walipishana kila kitu isipokuwa kimoja: wote wawili waliamini kwamba wananchi wa Marekani wanajua wanachokitaka na wamekwisha kukisema. Hapo ndipo naomba kuingilia, kwa sababu hao wananchi ni majirani zangu, napanga nao foleni dukani, na baadhi yao nasali nao.

Kwanza tuelewane juu ya kilichofanyika. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayokitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Ile ni amri ya rais, haikupita bungeni, na rais mwingine akija anaweza kuifuta kwa kalamu yake. Kabla ya siku hiyo, tangu walipojitangazia uhuru mwaka 1776, Wamarekani hawakuwahi kuwa na lugha rasmi ya nchi nzima, na katiba yao haisemi neno lolote kuhusu lugha. Amri hiyo ilifuta amri nyingine, aliyoitia saini Rais Bill Clinton mwezi Agosti 2000, iliyozitaka ofisi za serikali kuu zijipange kuwahudumia watu wasiokijua Kiingereza vizuri, na zihakikishe kwamba wanaopokea fedha zao wanafanya hivyo pia.

Wengi wa huko nyumbani wamechukulia kwamba lugha nyingine zimepigwa marufuku. Sivyo. Amri yenyewe inasema wakuu wa idara hawalazimiki kuondoa nyaraka wala kusimamisha huduma zinazotolewa kwa lugha nyingine. Wameachiwa waamue. Lakini wewe, Mhariri, umeishi na watumishi wa serikali, unajua mkuu wa idara akiachiwa aamue huwa anatazama kwanza upepo unavumia wapi. Mwaka huohuo wa 2025 wizara yao inayoshughulikia nyumba iliwaarifu watumishi wake kuwa shughuli zake zitaendeshwa kwa Kiingereza tu. Hakuna aliyeilazimisha.

Kuna kitu kimoja ambacho amri haikuweza kukigusa. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inamkataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliitumia sheria hiyo katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, waliokuwa wamekalishwa darasani wakifundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa bila msaada wowote. Watoto walishinda. Sheria ya bunge haifutwi kwa amri ya rais, kwa hiyo mimi bado nina kazi. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa tuje kwenye hao wananchi. Msomaji wa Mwanza hakukosea kusema kwamba wanaotaka ni wengi. Mwaka 2024, kabla ya amri, taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani, na kama nusu yao wakasema ni jambo muhimu sana kukifanya Kiingereza lugha rasmi. Wafuasi wa chama cha Republican waliosema hivyo walikuwa wengi kwa mbali kuliko wale wa Democratic, lakini hata upande wa pili hawakukosekana. Na si mambo ya juzi. Kabla ya amri ya Trump zaidi ya majimbo 30 yalikuwa yamekwisha kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, mengine kupitia mabaraza yao ya kutunga sheria, mengine kwa kura ya wananchi wenyewe. California, ambayo sisi tunaiona ni jimbo la watu wapole, ilipiga kura mwaka 1986 na asilimia 73 wakasema ndiyo. Florida mwaka 1988 ilifikia asilimia 84. Jimbo ninaloishi mimi liliweka sheria yake mwaka 1984. Aliyelianzisha jambo hili bungeni Washington, mwaka 1981, alikuwa seneta wa California, S. I. Hayakawa, ambaye wazazi wake walikuwa Wajapani na yeye mwenyewe alizaliwa Canada. Msomaji wa Tanga anayedhani kila anayetaka Kiingereza ni mzungu mwenye chuki, huyo atamweka wapi? (Kituko kimoja cha pembeni: Illinois mwaka 1923 ilitangaza kwamba lugha yake rasmi ni Kimarekani, siyo Kiingereza, na ikakaa hivyo hadi 1969. Sijui walikuwa wanakihariri kwa kamusi ipi.)

Kwa hiyo ndiyo, wanataka. Lakini ukikaa na mtu mmojammoja ukamuuliza anataka nini hasa, utasikia mambo mawili yaliyofungwa furushi moja. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyefanya kazi reli, ananisaidia kuzoa theluji ikianguka na mke wake hunipikia mahindi. Ni mfuasi wa Trump, hafichi. Nilipomuuliza juu ya amri hii alisema ni nzuri, mtu akija hapa ajifunze Kiingereza, ndiyo heshima. Nikamuuliza, je, mama wa Kikongo akiletwa hospitali usiku anatoka damu, apewe mkalimani au asipewe? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ya kunywa yawe na sumu. Apewe bila shaka, alisema, hiyo ni hospitali.

Sasa huyo mzee Pew wangemhesabu upande upi? Wangemhesabu kwenye ile nusu inayotaka, na wangekuwa sawa kabisa, kwa sababu swali waliloulizwa watu halikuwa la mama anayetoka damu. Waliulizwa kama Kiingereza kiwe rasmi. Mtu anasikia: je, watu wajifunze Kiingereza? Anajibu ndiyo. Halafu jibu lake linapelekwa kwa mkuu wa idara, ambaye analisoma: je, tuache kulipia wakalimani?

Ushahidi wangu mkubwa ni mji huu huu ninamoandikia. Nashville ina Wakurdi wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, ina Wamisri, Wasomali, watu wa Amerika ya Kusini, na Wakongo wetu waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kambi nyingine. Mwaka 2009, tarehe 22 Januari, wakazi waliitwa kupiga kura maalumu juu ya pendekezo la diwani mmoja kwamba shughuli zote za serikali ya mji zifanyike kwa Kiingereza tu. Kumbuka kwamba hapa ni Tennessee, kusini kwenye makanisa na bendera, na jimbo zima lilikuwa na sheria ya Kiingereza kwa karibu miaka 25 tayari. Kila mtu angebashiri kwamba litapita. Halikupita. Asilimia kama 57 walikataa.

Mimi sikuwepo wakati huo, lakini walionitangulia wananisimulia bado. Meya wa siku hizo, Karl Dean, alisimama waziwazi kulipinga. Wafanyabiashara wakaona wawekezaji wa nje watatafsiri vipi habari hiyo. Wachungaji wakahubiri, vyuo vikapinga. Lakini wote wanaonisimulia hurudia jambo moja, kwamba kwa wiki kadhaa watu walilazimika kuzungumza juu ya vitu halisi: anayepiga simu ya dharura nyumba ikiungua atajibiwa kwa lugha gani, muuguzi wa kliniki ya mji atasemaje na mjamzito, mkaguzi wa afya ataelewanaje na mwenye mgahawa. Swali lilipovuliwa kanzu likabaki mwili, wengi walibadili jibu. Na hawa ni watu walewale wa jimbo lilelile. Sidhani kama chuki zao ziliisha kwa mwezi mmoja.

Naomba nieleze kidogo jinsi kazi yangu inavyokwenda, kwa sababu huko nyumbani mtu akisikia mkalimani anafikiri mtu wa suti nyuma ya rais. Mimi nakaa jikoni kwangu, vipokea sauti masikioni, kalamu na daftari mkononi. Simu inaita, najitambulisha kwa namba yangu, jina hatutaji. Upande mmoja kuna muuguzi, upande wa pili kuna mtu ambaye mara nyingi yuko kimya kwanza, anasikiliza sauti yangu ni ya wapi. Wengi ninaowahudumia ni wa Kivu ya Kusini nchini Kongo, wa Uvira, Fizi, Baraka, na Kiswahili chao nimekizoea tangu utotoni kwa sababu Ziwa Tanganyika ni letu sote. Wakisikia natamka kama mtu wa Kigoma wanacheka, wanasema, "Aa, dada wa ng'ambo."

Kuna mama mmoja, na hapa nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane, muuguzi aliniambia kwamba mara iliyopita hawakuhitaji mkalimani kwa kuwa mtoto wake wa kiume, wa darasa la sita, alisaidia kutafsiri. Nikamsalimia mama kwa Kiswahili. Akauliza kama mimi ni mwanamke mtu mzima. Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama mtoto ametoka chumbani. Muuguzi akamtoa mtoto. Ndipo yule mama akasema, "Sawa, sasa nitasema yote." Alichokuwa amekificha hakikuwa kikubwa kwa daktari, wanatibu vitu kama hivyo kila siku. Lakini hakuna mama wa Kibembe, kabila la huko Fizi, atakayekitaja mbele ya mwanawe wa kiume. Kwa hiyo miezi yote ile alikuwa akipewa dawa za tumbo kwa ugonjwa ambao haukuwa wa tumbo.

Hospitali hiyo haikuwa na watu wabaya. Waliona mtoto anaongea Kiingereza safi, foleni ni ndefu, wakaokoa dakika. Ndiyo maana sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 na kanuni zake zinataka hospitali zilete mkalimani aliyehitimu bila kumtoza mgonjwa, na zinakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwa dharura ambapo hakuna mwingine. Sheria hiyo nayo bado ipo. Nasema haya ili msomaji wa Mwanza ajue kwamba hii "huduma ya lugha" inayozungumzwa kama anasa ya wakimbizi ndiyo hii: mwanamke mmoja jikoni, na mwingine kitandani, na kijana wa miaka kumi na mbili nje ya mlango anacheza na simu kama mtoto anavyotakiwa.

Kuhusu kujifunza, hapo wanaotaka Kiingereza na Wakongo wetu hawagombani hata kidogo. Sijapata kukutana na mkimbizi asiyetaka kujua Kiingereza. Atakikosa kazini, atakikosa dukani, watoto wake watamcheka mezani. Kwenye kanisa ninalosali kuna darasa la jioni ghorofa ya chini, na akina mama wanafika wakiwa bado na harufu ya kiwanda cha kuku, miguu imevimba kwa kusimama, wanafungua daftari. Mmoja amepita miaka ya hamsini na hajawahi kushika kalamu maisha yake yote, hata kwa Kiswahili. Anajifunza herufi na Kiingereza kwa wakati mmoja. Mwalimu wake ni mama mstaafu wa Kimarekani anayejitolea. Siku mwalimu huyo akiugua darasa halipo.

Kama serikali inataka watu waongee Kiingereza, hapo ndipo pa kuweka fedha. Lakini mwaka huohuo wa 2025, mwezi Januari, rais yuleyule alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na mashirika yaliyokuwa yakiwapokea watu uwanja wa ndege na kuwatafutia nyumba na masomo ya lugha yakakatiwa fedha na kupunguza wafanyakazi kwa wingi. Walimu walikuwa humo. Yaani Januari wanaondoa darasa, Machi wanatangaza mtihani.

Na mtihani wenyewe ulikuwepo zamani. Anayeomba uraia wa Marekani anapimwa Kiingereza, kusoma, kuandika na kuongea, na hiyo haikuanzishwa na Trump. Miongoni mwa wanaosamehewa ni wazee: aliyefikisha miaka 50 na amekaa na kibali cha kudumu kwa miaka 20, au miaka 55 na amekaa 15, huyo anaruhusiwa kujibu maswali ya historia na serikali kwa lugha yake kupitia mkalimani. Basi ukiniuliza amri hii inamgusa nani, sitakutajia kijana wa miaka ishirini. Huyo atakijua Kiingereza kabla hujamaliza kusoma barua hii. Inamgusa bibi, na inamgusa aliyeshuka ndege juzi.

Halafu kuna jambo la leseni ya udereva, ambalo huwa linanichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Tennessee ina sheria ya Kiingereza tangu 1984, nimekwisha kusema. Lakini mtihani wa kuandika wa leseni umekuwa ukitolewa pia kwa Kihispania, Kijapani na Kikorea. Kihispania naelewa, wanaokizungumza ni wengi. Kijapani je? Nenda Smyrna, mwendo mfupi kutoka hapa, utakuta kiwanda kikubwa cha Nissan kilichoanza kutoa magari mwaka 1983. Bridgestone nao wako Nashville. Mameneja wanakuja na familia zao kutoka Japani na wanahitaji kuendesha gari, basi mlango wa pembeni ukafunguliwa, na hakuna aliyeandamana kwamba nchi inasambaratika. Mkongo anayeosha sakafu ya ofisi hizohizo atafanya mtihani kwa Kiingereza. Mimi sidai Kiswahili kiwekwe kesho. Nasema tu kwamba hata wanaoipenda sheria hii wanajua kuikunja inapowafaa.

Barabarani ndiko kwenye moto zaidi kwa watu wetu, na wasomaji wenye ndugu huku wanajua. Kijana wa Kikenya, wa Kikongo, wa Kisomali, wengi wakitoka maghalani ndoto yao ni lori. Kanuni ya kwamba dereva wa lori ajue Kiingereza cha kutosha kusoma alama na kuzungumza na polisi ipo miaka mingi, ila tangu 2016 aliyeshindwa alikuwa anaandikiwa faini na kuendelea na safari. Tarehe 28 Aprili 2025 Trump alitia saini amri nyingine ya kurudisha makali, na kuanzia tarehe 25 Juni mwaka huo dereva akishindwa anazuiwa kuendesha palepale. Lori linabaki kando ya barabara na mzigo wake.

Nilimtembelea baba mmoja wa Uvira anayeendesha lori la jokofu. Nilikuta sebule imegeuka kituo cha mizani ya malori. Mke wake amekaa kwenye kiti kama askari, ameshika simu yenye picha za vibao, anamuuliza kwa Kiingereza umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, tangu saa ngapi hujapumzika. Watoto wanamsahihisha wote wawili. Mzee anajibu anatoka jasho, na huyu ni mtu ameendesha kutoka Tennessee hadi Oregon na kurudi, kwenye theluji, bila kugusa hata kioo cha mwenzake.

Nikadhani atailaani amri. Wapi. Alisema, "Dada, mimi niko sawa na hiyo sheria. Kama kibao kinasema njia imefungwa kule mbele na wewe hujue kusoma, utaua watu." Kinachomkera ni kwamba kipimo kiko mikononi mwa askari anayemsimamisha. "Kila polisi iko na Kiingereza yake," alisema. "Wa Texas namusikia bien. Ule wa Alabama anasema kama iko na chakula mu kinywa." Anaomba mtihani mmoja unaojulikana, apewe cheti, akionyeshe popote. Nimeona maoni mengi ya wataalamu juu ya suala hili na sijaona lililo na akili kuliko hilo. Pew hawakumuuliza. Wangemuuliza kama Kiingereza kiwe rasmi, nafikiri angejibu ndiyo, na angeingia kwenye hesabu pamoja na jirani yangu mstaafu, na mkuu wa idara angeendelea na kazi yake.

Sasa nimgeukie msomaji wa Mwanza kwa heshima zote, kwa sababu alimalizia kwa kusema na sisi tuige. Tuige kipi? Katiba yetu ya 1977 haikitaji Kiswahili kuwa lugha rasmi, na hilo halijatuzuia kukizungumza kutoka Kagera hadi Mtwara. Wakenya wao wameandika katika katiba yao ya 2010 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na rasmi ni Kiswahili pamoja na Kiingereza. Sisi tulipotaka kweli kuisogeza serikali kwa mwananchi tulikwenda mahali pamoja mahususi, mahakamani. Mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, ukivuka mahakama ya mwanzo kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza, hata kama hakimu, wakili, mdai na mdaiwa wote ni Waswahili watupu na kesi imesikilizwa kwa Kiswahili.

Babu yangu alikuwa na kesi ya kiwanja iliyopanda hadi juu. Siku ya hukumu alipewa karatasi kadhaa zenye mhuri. Alizikunja akaziweka kwenye mfuko wa kanzu, akarudi nyumbani kwa miguu, akapita kwa mwalimu mmoja wa sekondari amsomee kama ameshinda au ameshindwa. Mwalimu akawa hayupo, amesafiri. Mzee alikaa na hukumu yake nyumbani siku tatu bila kujua kiwanja ni cha nani. Alikuwa ameshinda.

Kwa hiyo usiniambie lugha rasmi ni nzuri au mbaya kabla hujaniambia ni nani anapata karatasi anayoielewa. Tulipoingiza Kiswahili mahakamani tulikuwa tunampa mzee kama yule karatasi yake. Amri ya Marekani, ikitumiwa na mkuu wa idara asiye na huruma, itampa mama wa Fizi karatasi ya babu yangu. Na msomaji wa Tanga naye asitukane nusu ya nchi nzima kwa sababu ya jibu moja la ndiyo. Akija Nashville nitampeleka kwa yule mzee wa reli, watakunywa kahawa, wakigombana nitawakalimania bure.

Namalizia na jambo la faida kwa wenye wazazi au ndugu waliokuja huku karibuni, maana najua barua hizi hupigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp hadi Iowa na Maine. Wengi wamenitumia ujumbe wakiuliza kama baada ya amri ile ni kosa kuomba mkalimani hospitalini. Si kosa. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu bado inapaswa kumpa mgonjwa mkalimani na haimtozi hata senti. Shule nayo bado inapaswa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Asimtume mtoto. Akifika mapokezi aseme tu neno Swahili, akae, asubiri. Wakimwambia hakuna, arudie. Usiku au mchana kuna mtu jikoni mahali fulani, simu yake itaita.

Ni mimi,
Mkalimani kutoka Ujiji,
Nashville, Tennessee
(Jina na anwani anavyo Mhariri)